Shanga za Kaburi Namba 340

Katika majira ya baridi ya mwaka 2009, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha New York, nilialikwa kwenye kikao cha jioni katika ukumbi wa kanisa huko Harlem, ambako watu wapatao 30 walikuwa wamekusanyika kutoa maoni kuhusu ukumbi wa kumbukumbu uliokuwa ukipangwa kwenye Makaburi ya Waafrika, kusini mwa Manhattan. Nilichelewa kwa sababu ya theluji. Nilipoingia nilikuta viti vimepangwa kwa duara, na katikati meza ndefu iliyotandazwa michoro, ramani na picha, na watu wakiizunguka kwa sauti za chini, kama tunavyofanya kwetu tukiingia nyumba yenye msiba.

Mahali penyewe nilikuwa nimekwishapazuru mara kadhaa. Yeyote aliyepita Broadway kabla ya 1991 hakuwa na dalili yoyote ya kumjulisha kwamba anakanyaga wafu. Bonde la kale lilikuwa limejazwa kifusi, mji ukajengwa juu yake, na makaburi yakabaki chini kabisa, kina cha mita tano hadi nane, hadi serikali ya Marekani ilipoanza kuchimba msingi wa jengo la ofisi lenye ghorofa 34 katika namba 290 na mafundi wakakutana na majeneza. Mabaki ya watu 419 yalikuwa yameondolewa ardhini wakati wananchi, hasa Wamarekani Weusi wa mji huo, walipopaza sauti kiasi cha kulifanya Bunge liingilie kati na uchimbaji ukasimamishwa mwaka 1992. Wataalamu wanakadiria kwamba waliozikwa katika eneo lile lote ni kama 15,000, na katika hao 419 waliochunguzwa, karibu nusu walikuwa watoto.

Walizikwa kule kwa sababu kule kulikuwa nje ya mji. Mwaka 1697 kanisa la Trinity lilikataza watu weusi kuzikwa katika uwanja wake, nao wakapeleka maiti zao kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeitaka, wakaendelea kuzika hapo hadi miaka ya 1790. Hata huko hawakuachwa. Sheria ya mji iliwalazimisha kuzika mchana, kabla ya jua kuzama, na mwaka 1731 ikatamkwa kwamba watumwa wanaohudhuria maziko wasizidi 12. Nimelelewa Pangani, ambako jeneza likipita barabarani hata mtu asiyemjua marehemu huacha biashara yake akatia bega hatua chache, na kwa hiyo idadi hiyo ilinichoma kuliko habari nyingine zote nilizosoma juu ya mahali pale. Kumi na wawili! Je, mwenye ndugu kumi na watano alimwacha nani nyumbani?

Kazi niliyoitiwa ilikuwa ndogo tu, kupitia tafsiri ya ukurasa mmoja wa maneno ya kuwakaribisha wageni. Tulipoimaliza, mbunifu mmoja, kijana mpole aliyezungumza kwa uangalifu, akafungua mchoro uliokuwa umebaki. Ulionyesha umbo la mwanamke lisilo na uso, limesimama peke yake katika chumba chenye giza, na taa moja imeelekezwa kiunoni mwake, ambapo pangefungwa mfano wa shanga zilizopatikana katika kaburi namba 340. Wageni wangemzunguka na kumtazama kutoka kila upande.

Mwanamke wa kaburi lile anajulikana sana kwa wote waliofuatilia habari hizi. Alikuwa mtu mzima, na meno yake yalikuwa yamechongwa, jambo lililowafanya watafiti waamini kwamba alizaliwa Afrika. Alikuwa na jumla ya shanga zaidi ya 100, nyingi zikiwa za kioo, zilizofungwa kiunoni pamoja na kauri, na nyingine katika uzi wa mkononi. Jina lake halipo popote.

Watu walitoa maoni kuhusu taa, kuhusu urefu wa umbo, kuhusu rangi ya kuta. Mimi nilinyamaza. Kisha bibi mmoja wa hapo Harlem, aliyekuwa amekaa karibu nami na koti lake akiwa hajalivua, akanigeukia akauliza, mbele ya wote, kama huko nilikotoka wanawake huvaa shanga kiunoni, na kama huvaa, ni nani huziona.

Nikajibu kwa kusimulia habari ya bibi yangu mzaa mama, ambayo hadi siku ile sikuwahi kumsimulia mtu yeyote.

Bibi alifariki nilipokuwa na miaka 16. Niliruhusiwa kuingia nyuma ya pazia kwa sababu mikono ilikuwa pungufu, na kazi yangu ilikuwa kushika kopo la maji na kutazama chini. Lakini nilitazama. Mwosha maiti, mwanamke aliyekuwa somo, yaani kungwi, wa wasichana wengi wa mtaa wetu, alipofika kiunoni aliingiza mkono chini ya kitambaa cha sitara bila kukifunua, akaukata uzi kwa kisu kidogo, akautoa mkono umefumbwa. Alizimimina shanga katika pembe ya leso ya mama yangu, naye mama akaifunga fundo. Kabla fundo halijakaza niliziona: nyekundu na nyeupe, ndogo kama punje za mtama, zimeshika weusi wa jasho na mafuta ya miaka mingi, na moja imemeguka ubavuni. Niliishi na bibi maisha yangu yote na sikujua kwamba alikuwa nazo. Sisi huzika kwa sanda peke yake, kwa hiyo ilibidi zitoke, na zilipotoka hakuna aliyezitaja tena, wala wakati wa khitma wala baadaye. Waliokuwa na haki ya kuzijua ni babu, somo, na mikono iliyomwosha.

Sikudai kwamba mwanamke wa kaburi 340 ni wa kwetu. Najua kwamba mwishoni mwa karne ya 17 wafanyabiashara wa New York walileta watumwa kutoka Madagaska, na kwa njia hiyo Bahari ya Hindi nayo imo katika udongo ule, lakini Waafrika wengi wa mji huo walitoka upande wa magharibi wa bara, ambako shanga za kiunoni ni desturi iliyoenea pia. Nilisema tu kwamba, kwa ninavyoelewa mimi, kiuno chake kiliwahi kuguswa na watu waliomwandaa kwa maziko, na watu hao walijua kilichokuwepo. Ushanga wa kioo ulikuwa na thamani, nao hawakuwa na mali. Hata hivyo hawakuukata uzi. Walimfunika nao, wakamlaza kichwa magharibi kama walivyolazwa karibu wote pale, na huenda walikuwa hawazidi 12. Nikamwambia kijana wa mchoro kwamba walichokificha watu hao kwa heshima, sisi tusikiwekee taa.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinipinga, na namshukuru kwa kunipinga. Alisema wanafunzi wake wanafika kwake wakiwa wameambiwa kwamba mababu zao waliletwa mikono mitupu, bila adabu wala mapambo wala chochote cha kuitwa chao, na kwamba zile shanga na yale meno yaliyochongwa ndiyo ushahidi ambao mtoto wa miaka tisa anauelewa papo hapo. Ukizificha kwa ajili ya staha, alisema, utakuwa unamaliza kazi waliyoianza wale waliojaza kifusi. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikilifikiria jambo hili naliona bado zito. Makumbusho huishi kwa kuonyesha, na kaburi huishi kwa kusitiri. Anayejenga la kwanza juu ya la pili hana budi kuchagua mara kwa mara, kitu kimoja baada ya kingine, na kila chaguo litamuumiza mtu mwenye haki.

Yule bibi wa Harlem ndiye aliyetutoa hapo. Alisema shanga zenyewe tayari zilikuwa zimerudi kwa mwenyewe, kwani Oktoba 2003 mabaki yote 419 yalizikwa upya mahali pale pale, katika majeneza yaliyochongwa Ghana, kila mtu na vitu vilivyopatikana naye, na yeye alikuwa miongoni mwa maelfu waliosimama barabarani siku hiyo. Kwa hiyo, alisema, mfano wa shanga hizo uonyeshwe, lakini usivalishwe mwili. Ulazwe juu ya kitambaa, kama zilivyolazwa zile kwenye leso ya mama yangu, na maandishi yawataje waliomwosha. Kijana akachukua penseli, akafuta lile umbo taratibu kuanzia miguuni, akapuliza mabaki ya kifutio, na karatasi ikabaki na mstari wa shanga peke yake.

Sijui kiasi gani cha mazungumzo yetu kilifika kwa waamuzi, kwani vikao vilikuwa vingi. Ukumbi huo wa kumbukumbu ulifunguliwa tarehe 27 Februari 2010, katika orofa ya chini ya jengo lile lile la namba 290, na nilikwenda siku chache baadaye. Katikati ya ukumbi niliwakuta waombolezaji wa ukubwa wa binadamu, wanaume kwa wanawake, wamezunguka majeneza mawili, la mtu mzima na la mtoto, nikasimama kati yao kwa muda mrefu.

Nilipotoka nilipita upande wa vilima saba vya majani ambavyo chini yake walizikwa upya. Vilikuwa bado vimefunikwa na theluji. Mwanamke wa shanga yumo katika kimojawapo, na mlinzi wa hifadhi aliyesimama mlangoni angeweza kunionyesha ni kipi. Sikumuuliza.