Siku Moja Maabarani na Udongo wa Pugu

Ninapima kama udongo waweza kunasa risasi, ile metali yenye sumu, iliyomo majini. Saa 1:30 asubuhi ninaanza na ndoo niliyoikoroga jana jioni. Udongo mweupe wa Pugu, yaani kaolini, ukikorogwa majini na kuachwa kwa saa 8 au zaidi, mchanga hutua, na katika sentimita 10 za juu hubaki chembe zisizozidi mikromita 2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Hizo ndizo ninazozitaka. Ninazivuta kwa mpira taratibu nisije nikatibua tope, kisha ninazitia tanurini zikauke kwa kazi ya kesho.

Saa 3 ninapima gramu 1 ya unga uliokwisha kukaushwa kwa kila chupa ya mililita 100 za maji yenye risasi miligramu 10 kwa lita, mara 1,000 ya kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani. Chupa moja siitii udongo kabisa, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu maji yakielemea upande wa alikali risasi huganda na kutua yenyewe, na mpimaji asiye na chupa hiyo huusifu udongo kwa kazi ambayo haukuifanya. Kwa hiyo ninarekebisha pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, iwe 5, upande wa asidi kidogo. Asidi ikizidi sana, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidrojeni hugombea nafasi zile zile ambazo risasi ingeshika.

Saa 4 chupa zinatikiswa kwenye mashine. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ananiuliza, “Dada, aseniki nayo itanaswa?” Ninamweleza kwamba uso wa udongo una chaji hasi, ndiyo maana huvuta metali kama risasi na kadimi zenye chaji chanya, ilhali aseniki majini kwa kawaida haina chaji chanya, hivyo huhitaji udongo uliopakwa oksidi ya chuma.

Saa 8 mchana ninachuja, na saa 9 ninasoma matokeo kwenye spektrometa, mashine inayopima kiasi cha risasi kilichobaki majini. Risasi imepungua waziwazi, lakini maji bado hayafai kunywewa. Sishangai: kaolini hubadilisha ioni miliekwivalenti (kipimo cha wingi wa chaji) 3 hadi 15 tu kwa gramu 100, wakati montimoriloniti, madini makuu ya udongo mwingine uitwao bentonaiti, hufikia 80 hadi 150.

Saa 11 jioni udongo uliotumika ninautia katika chombo cha taka za kemikali, kwani ukitupwa mtaroni, asidi yaweza kuiachilia risasi ile ile. Kesho ni zamu ya bentonaiti, kwa mpangilio huu huu.