Wauza tiketi wa Kerala na vyama vyao

Juma hili nimekuwa nikisoma habari za wauzaji wa tiketi za bahati nasibu wa Kerala, jimbo lililo kusini mwa India, na swali moja limekataa kuniacha: mtu ambaye hana mwajiri huunda chama cha wafanyakazi ili amdai nani?

Bahati nasibu hiyo ni mali ya serikali ya jimbo. Ilianzishwa mwaka 1967, wakati wa serikali ya waziri kiongozi wa jimbo, E. M. S. Namboodiripad, kwa wazo la waziri wa fedha P. K. Kunju, na droo ya kwanza ikachezeshwa tarehe 26 Januari 1968. Tiketi iliuzwa kwa rupia 1, na zawadi ya kwanza ilikuwa rupia 50,000. Shabaha zilikuwa mbili, yaani hazina ipate fedha na wasio na kazi wapate riziki, ila riziki yenyewe ilikuja na masharti magumu. Wakala hununua tiketi kwa idara kwa bei ya punguzo, na punguzo hilo ndilo kamisheni, kisha huwauzia wachuuzi, na zisizouzwa hazirudishwi. Droo ikishachezeshwa alasiri, kila tiketi iliyobaki mkononi ni hasara ya aliyeishika, na mara nyingi huyo ni mzee, au mlemavu anayeketi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu huku tiketi zimebanwa ubaoni mbele yake. Ni hali ambayo mawakala wetu wa fedha za simu wanaielewa: mtaji ni wako, kamisheni wanaipanga wao.

Vyama vikazaliwa humo. Kerala siasa na kazi haviachani, kwa hiyo wauzaji nao waligawanyika kwa mkondo wa kawaida, wengine chini ya CITU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Wakomunisti, wengine chini ya INTUC, shirikisho la upande wa chama cha Congress. Ningedhani mgawanyiko huo ungewamaliza; hata hivyo mwaka 2008 ilipatikana sheria ya mfuko wa ustawi wa mawakala na wauzaji, ambao mwanachama huuchangia naye akapata pensheni, msaada wa matibabu na bonasi ya sikukuu ya Onam. Kwangu mimi huo ndio ushindi wao mkubwa, kwa kuwa serikali ilikubali kwamba mchuuzi wake naye huzeeka.

Kabla ya hapo walikuwa wamepata mtikisiko. Tarehe 27 Januari 2005 serikali ilipiga marufuku bahati nasibu zote, yake ikiwemo, kwa sababu mahakama ilikuwa imekwisha kuamua kwamba jimbo haliwezi kufukuza tiketi za majimbo mengine huku likiendelea kuuza zake. Miezi michache baadaye tiketi za karatasi ziliruhusiwa tena, lakini zile za mashine, yaani zinazouzwa kwa kompyuta bila mchuuzi wa karatasi, zikabaki nje, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya India ikaunga mkono msimamo huo. Kwa mchuuzi wa barabarani, mashine ndiyo iliyokuwa hatari ya kweli.

Halafu ikaja kodi. Desemba 2019 baraza la kodi ya bidhaa na huduma la India nzima lilipiga kura kwa mara ya kwanza katika historia yake, na lililopigiwa kura lilikuwa bahati nasibu: kodi ya asilimia 28 kwa zote, ilhali tiketi za serikali zilizouzwa ndani ya jimbo lake zilikuwa zikitozwa asilimia 12. Kerala ilipinga, ikashindwa, na tiketi ya rupia 30 ikawa rupia 40. Katika mvutano huo wauzaji walijikuta upande mmoja na waziri wa fedha, mtu yuleyule wanayemdai kamisheni.

Basi jibu la swali langu ni kwamba humdai mshirika wao, yaani serikali, na ndiyo maana sauti yao hupanda na kushuka. Kuna mmoja tu ambaye hawawezi kumsemea, naye ni mnunuzi: kibarua anayetoa sehemu ya ujira wa siku kununua tiketi, na ambaye huenda ana kadi ya CITU mfukoni kama huyo anayemuuzia.