Daftari la vipimo lilivyonionyesha hela ya bando inakokwenda

Mteja aliniandikia saa tatu usiku. Alitaka nimtumie picha za vitambaa vitatu nilivyoviona Kariakoo mchana, ili achague kimoja cha sare ya kamati ya harusi, magauni manane. Picha ya kwanza ilienda. Ya pili ikazunguka, ikazunguka, kisha ukaingia ujumbe kwamba kifurushi changu kimekwisha. Kwenye simu hakukuwa na hela, duka la jirani lilishafungwa, na wakala aliyebaki yuko ng'ambo ya barabara ya Kilwa, ambayo usiku sivuki peke yangu. Asubuhi nilipoweka vocha nikakuta ameniandikia: "Dada fundi, samahani, nimepata mwingine."

Magauni manane kwa ushoni wa sh 15,000 kila moja. Hesabu mwenyewe.

Nilipopitia ujumbe wa jana yake nikaona kumbe mtandao ulinitaarifu saa kumi na moja jioni kwamba nimetumia asilimia 75. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, inaitaka mitandao imjulishe mteja akifika asilimia 75, na tena bando likiisha lote. Nilikuwa kwenye cherehani, sikuusoma. Jumbe za mtandao nilizoea kuzifuta bila kuzifungua kwa sababu nyingi ni matangazo.

Banda langu liko Mbagala, karibu na Zakhem. Kazi zangu nyingi zinakuja kwa WhatsApp: mteja anatuma picha ya mshono, namwambia kitambaa kinaingia mita ngapi, nikienda Kariakoo napiga picha vitenge dukani na yeye anachagua akiwa ofisini kwake Posta. Kwangu mimi bando ni kama uzi. Likikata, kazi imesimama. Lakini uzi naujua bei, najua reli moja inashona magauni mangapi. Bando nilikuwa nanunua tu.

Kwa hiyo siku ile nikafungua kurasa za mwisho za daftari la vipimo, nikachora mistari. Tarehe, saa, kiasi, la nini. Nilianza tarehe moja ya mwezi wa nne na nikajiwekea sharti: hata jero (sh 500) iandikwe.

Mwezi ulipoisha nilikuta bando la buku (sh 1,000) mara 34. Ndiyo, mwezi wa siku 30, maana kuna siku buku moja haikufika jioni. Bando la jero mara 11. Halafu kuna sh 6,000 za vocha niliyoweka ili ikae kwa dharura, ikaliwa kidogo kidogo bila mimi kupiga simu. Jumla sh 45,500. Magauni matatu, ushoni wote, nimeshona kwa ajili ya simu.

Niliumia kuliko nilivyoumia kwa yule mteja. Yule alinipotea mara moja, hii ilikuwa kila mwezi, na sijui kwa miaka mingapi.

Hapo ndipo watu wengi wanapouliza: mtandao gani una bei nafuu? Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Hapa Dar una Vodacom, Airtel, Yas (ndiyo ile Tigo tuliyoizoea, ilibadili jina Novemba 2024), Halotel na TTCL. Nilikaa na mdogo wangu jioni nzima tukifungua menyu za vifurushi, yeye anasoma, mimi naandika. Tulichokiona ni kwamba ndani ya mtandao mmoja, tofauti ya kununua kwa siku na kununua kwa mwezi ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya mtandao na mtandao. Kwenye laini yangu mwenyewe, bando la mwezi la intaneti la sh 20,000 lilikuwa na ujazo ambao kwa mabando ya buku nisingeupata hata kwa 30,000. Na bei hizi hazikai. Aprili 2021 sote tunakumbuka zilivyopanda ghafla, watu wakapiga kelele nchi nzima, serikali ikaagiza zirudi zilivyokuwa. Kwa hiyo sitakuandikia orodha ya bei hapa, utaisoma mwezi ujao ikakupoteza. Fungua menyu, chukua kalamu.

Ila kabla ya kununua chochote niliingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, nikaangalia ni programu gani inakula. Nilidhani ni WhatsApp. WhatsApp ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilikuwa Google Photos, iliyokuwa inapandisha kila picha ya kitambaa ninayopiga, na mimi kwa siku moja ya Kariakoo napiga picha hata 60. Ya pili TikTok, hiyo ni ya mwanangu wa mwisho akishika simu nikiwa nakata kitambaa. Nikazima kupandisha picha hadi kuwe na WiFi, nikazima WhatsApp isipakue video za magrupu yenyewe, nikazuia programu zisijisasishe kwa data. Dakika kumi tu, na hakuna niliyemlipa. Wiki iliyofuata bando la buku likawa linafika usiku.

Na zile 6,000 za vocha? Nilipiga 100. Dada wa huduma kwa wateja aliangalia akaniambia nimeunganishwa na huduma mbili: muziki wa kumburudisha anayenipigia, na jumbe za vidokezo vya afya. Sikumbuki kuziomba. Inawezekana niliminya "1" nikiwa nafuta ujumbe, inawezekana vinginevyo. Nilimwomba aziondoe zote na nikasubiri kwenye simu mpaka ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Ushauri wangu kwa yeyote ambaye vocha yake inayeyuka: usihame mtandao kwanza, uliza umeunganishwa na nini.

Sasa mtandao. Bei ya bando haina maana kama chumbani kwako haishiki, na chumba changu ni cha bati, kimebanwa na ghorofa la jirani upande wa barabara. Nikaazima laini ya jirani na ya mdogo wangu, nikaongeza na yangu, zikawa tatu za mitandao tofauti. Saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko nyumbani anatazama video, nikakaa kitandani na simu ileile moja, nikawa nabadilisha laini na kutuma video moja ya gauni, ya dakika moja, kwenda kwa shoga yangu wa Tabata. Laini ya kwanza, ambayo ni yangu, iligota katikati. Nikatoka nayo hadi mlangoni, ikaendelea, nikarudi ndani, ikagota tena. Ya jirani ilichukua kama dakika nne. Ya mdogo wangu ilifika kabla sijamaliza kumwambia shoga yangu kwamba inakuja.

Wiki hiyo nikazibeba zote tatu Kariakoo, nikajaribu mtaa wa Aggrey saa saba mchana. Ya mdogo wangu ikawa ya pili, ya jirani ikawa ya kwanza, yangu ikabaki nyuma. Watu wote wale wanagawana minara ileile, na kila mtandao umejaa mahali pake na saa yake. Ndiyo maana sitaji majina. Ikishika Zakhem haimaanishi itashika Kimara au Chanika, na hata hapa Zakhem, nyumba ya tatu kutoka kwangu wanakwambia habari nyingine. Azima laini, kaa pale unapolala na pale unapotafutia riziki, ujaribu usiku na mchana.

Nikataka kuhama kabisa. Tangu Machi 2017 inaruhusiwa kuhamia mtandao mwingine bila kubadili namba: unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka na kitambulisho chako, unatuma neno HAMA kwenda 15080. Namba yangu imechorwa kwa rangi kwenye kibao cha banda, imeandikwa kwenye mifuko, na iko kwenye simu za wateja wa miaka tisa, hivyo kuibadili ni kama kuhama mtaa usiku. Wakala alinieleza vizuri: namba inahama, lakini akaunti ya pesa ya mtandao wa zamani haihami nayo. Nitoe hela zote, nilipe deni kama lipo, kisha nifungue nyingine upya. Nikafikiri wateja wanaonitumia malipo ya awali, kikoba chetu, na ada ya mtoto inayolipwa kwa namba hiyo. Nikasema hapana. Simu yangu ina sehemu ya laini mbili. Namba ya zamani ikae kwa kupigiwa na kwa pesa, laini mpya iwe ya intaneti tu. WhatsApp inabaki na namba ileile, haijali data inatoka laini gani.

Kuna watakaosema laini mbili ni gharama mbili. Zamani ilikuwa kweli, na zamani watu walibeba hata laini nne, kila moja kwa ndugu wa mtandao wake, kwa sababu kupiga kwenda mtandao mwingine kulikata hela kama wembe. Mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kila dakika inayovuka, na malipo hayo TCRA imeyashusha kutoka sh 15.60 mwaka 2018 hadi sh 2 mwaka 2022. Ndiyo maana leo unapata dakika za mitandao yote kwenye bando la kawaida, na laini ya pili unaiweka kwa kazi moja tu.

Kununua laini nilikwenda kwa vijana wa miavuli, Rangi Tatu. Kijana akanisalimia, akaandika namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, akaniambia, "Mama, weka kidole." Mashine ikakataa. Kingine, ikakataa. Vidole vyangu vya mkono wa kulia vimetobolewa na sindano miaka ishirini, ngozi ya juu imekuwa kama kwato, alama hazionekani. Tulijaribu vidole vyote vya kulia, akanipa kitambaa chenye maji nipanguse, tukahamia mkono wa kushoto, kidole cha pete ndicho kilichokubali. Niliweka kidole labda mara tisa.

Nimeandika hili kwa sababu moja. Kila kidole kinapokubaliwa, laini inaweza kusajiliwa kwa jina lako, na si kila anayekwambia "weka tena" ni mashine iliyomkatalia. Nikasimama palepale chini ya mwavuli nikabonyeza *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yangu. Hiyo mpya ilikuwepo, moja tu, kijana yule alikuwa mwaminifu. Lakini kulikuwa na namba nyingine nisiyoijua kabisa, ya mtandao mwingine, labda ya wakati ule wa foleni za alama za vidole, 2019 kuelekea Januari 2020, ambapo nami nilirudia kidole mara nyingi. Mtu angeweza kuitumia kutuma zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii", na polisi wangekuja bandani kwangu. Nilikwenda kwenye duka la mtandao huo na kitambulisho changu, wakaifungia. Tafadhali, ukimaliza kusoma, bonyeza *106#. Kama unaye mama au baba mzee, mbonyezee na yeye.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote: kupata sh 20,000 kwa pamoja. Watu wanaotushauri tununue bando la mwezi hawajui kwamba hela ya fundi inaingia leo buku tano, kesho hakuna, keshokutwa elfu kumi na tano ambayo nusu ni ya kitambaa cha mtu. Hatununui bando la siku kwa sababu hatujui hesabu. Tunanunua la siku kwa sababu tuna hela ya siku. Mimi nilichukua kopo la vifungo tupu, nikalikata tundu, na kila asubuhi kabla ya kukanyaga cherehani natumbukiza sh 700. Siku nisiyokuwa nayo, naweka 1,400 inayofuata. Mwezi wa kwanza nilipita na mabando ya buku huku kopo likijaa, ulikuwa mwezi mbaya. Wa pili nikafungua kopo nikakuta 21,000.

Sasa natumia 20,000 ya intaneti kwa mwezi kwenye laini mpya, na bando la dakika la wiki la sh 2,000 kwenye ya zamani. Jumla 28,000. Dakika hizo nyingi ni za mama, Newala. Kule mtandao unaoshika ni mmoja, na anaukamata akiwa chini ya mwembe, kwa hiyo tumepanga Jumapili saa kumi jioni, anatoka na kiti chake. Zamani nilikuwa namwambia "mama, dakika zinaisha" katikati ya habari za msiba au za korosho. Siku hizi anamaliza habari zake zote.

Mama wa chapati wa banda la pili aliniona nikiandika, akaomba naye ukurasa. Hajazoea kalamu, ananiambia mimi namwandikia. Tumeanza Jumatatu. Jumatatu: jero saa kumi na mbili asubuhi, jero saa nane. Jumanne: buku, halafu vocha ya jero "imepotea". Kesho asubuhi, kabla hajawasha jiko, tutapiga 100 pamoja.