Daftari la Mama

Jumapili usiku

Leo nimetoa daftari la mama sandukuni. Ni daftari la mistari la kawaida, jalada limelegea, na ndani kuna safu mbili alizozichora kwa rula: tarehe na sukari. 13.8. 16.2. 11.9. Halafu siku tano hazina kitu. Halafu 17.4, kalamu imekandamizwa hadi ukipapasa upande wa pili wa karatasi unaisikia namba kwa kidole. Mama hakuwahi kutamka kwamba anaogopa. Nimeisikia hofu yake leo, kwenye kidole.

Aligundulika na kisukari akiwa na miaka 66, na hakuna aliyekuwa akikitafuta. Alikwenda kutibiwa kidonda cha unyayo kilichokataa kupona. Daktari alisema huenda ugonjwa alikuwa nao kwa miaka mingi. Kisukari cha aina ya pili hakiumi kinapoingia. Kiu, kuamka usiku kwenda msalani, uchovu, macho kuona ukungu: kila dalili tulikuwa na jibu lake mkononi, na jibu lilikuwa uzee. Tulimpenda sana mama, na bado tulikaa naye miaka yote hiyo tukisema ni uzee.

Sasa mimi nina miaka 64, nami niliambiwa neno hilohilo.

Miaka mitatu iliyopita nilipimwa damu kwa sababu nyingine kabisa, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikatoka 6.2. Nikauliza ina maana gani. Aliyenipa karatasi akanijibu, "Mama, kwa umri wako hiyo ni kawaida." Nikashukuru, nikaondoka na moyo mweupe. Nikikumbuka siku ile bado naumia, maana vipimo hivi havina namba za vijana na namba za wazee. Kuanzia milimoli 7.0 kwa lita ni kisukari, uwe na miaka 30 au 80. Kati ya 6.1 na 6.9, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, uko katikati: hujaugua, lakini mwili umeshaanza kushindwa kuitawala sukari. Wamarekani huianza hesabu hiyo mapema zaidi, kwenye 5.6. Kwa vyovyote vile, 6.2 yangu ilikuwa na jina lake, na sikuambiwa.

Mwaka jana ikawa 6.6. Daktari mwingine, kijana mwenye subira, akaniandikia na kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c. Alinieleza vizuri hata sijasahau. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na katika maisha yake hayo sukari inayopita huzigandia taratibu. Kwa hiyo ukizipima unapata habari za miezi miwili mitatu iliyopita, hata kama jana ulijinyima ili upendeze mbele ya daktari. (Mama alikuwa akifanya hivyo. Siku tatu kabla ya kliniki hagusi kitu kitamu.) Chini ya asilimia 5.7 uko salama, 6.5 na kuendelea ni kisukari. Mimi nilikuwa na 6.3.

"Mama," akaniambia, "hapo ulipo bado si kisukari. Ila ukikaa vilevile, njia unayoijua ndiyo hiyo."

Alikuwa ameshasikia habari za unyayo wa mama.

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike usiku huu, kwa sababu najua wenzangu wengi wa rika langu wanakifanya sasa hivi. Niliacha kula. Asubuhi chai kavu, mchana kidogo sana, usiku tunda moja nikalala. Niliondoa wali, nikaondoa mkate, na kwa pupa ile nikaondoa na mayai, maharage, samaki, kila kitu. Kutoka kilo 78 nikashuka hadi 69 kwa miezi mitatu, na kila aliyeniona akanipongeza. Sukari nayo ikashuka. Nikaamini nimeshinda.

Kisha siku moja nilikaa kwenye kile kiti kifupi cha sebuleni, nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Haikuuma. Ilikataa tu. Nikasukuma kwa mikono, nikarudi chini. Nikasukuma tena. Binti yangu alikuwa jikoni, akasikia kiti kikiburuzika, akaja akanishika kwapani akaniinua kama ninavyokumbuka kumwinua mama. Hatukusema kitu, lakini tulitazamana.

Nilirudi kwa yule daktari. Alinipima mapaja kwa macho tu, akaniuliza protini naipata wapi. Sikuwa na jibu. Ndipo akanifundisha jambo ambalo naona lingepaswa kuandikwa ukutani kila mahali wazee wanapopimiwa sukari: misuli ndiyo ghala. Ukila wanga, sukari inapoingia kwenye damu, sehemu kubwa yake huenda kwenye misuli, na huko ama inaungua ama inahifadhiwa. Umri unapokwenda misuli hupungua yenyewe hata ukiwa mzima, kongosho nalo halitoi insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu, kwa wepesi wa zamani, na mafuta hujikusanya tumboni na kwenye ini na kuifanya insulini isisikilizwe. Mtu wa miaka 64 anayejinyima chakula bila kuifanyisha misuli kazi anapunguza mafuta, ndiyo, lakini anabomoa na ghala. Siku akirudi kula kama kawaida, na atarudi, sukari haina pa kukaa.

Kuna jambo la pili alilonieleza na ndilo lililonipa moyo. Kwa kawaida sukari inahitaji insulini iifungulie mlango wa msuli. Lakini msuli unapofanya kazi, unapokunja na kukunjua, unafungua milango mingine wenyewe, bila kungoja insulini. Yaani hata kama insulini yangu imechoka, mguu unaotembea bado unapokea sukari. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Tangu siku hiyo natembea baada ya kula. Natembea palepale, sahani zikiwa bado mezani. Kuna utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, watu 10 tu, wote wa miaka 60 na zaidi waliokuwa kwenye hatari kama yangu: dakika 15 za kutembea baada ya kila mlo ziliishusha sukari ya saa zilizofuata mlo wa jioni vizuri kuliko dakika 45 za mfululizo walizotembea asubuhi au alasiri. Watu 10 ni wachache, nakubali. Nikajipima mwenyewe. Nilikula chakula kilekile usiku mbili tofauti, nikachoma kidole baada ya saa moja. Usiku wa kukaa: 10.1. Usiku wa kutembea: 7.9. Tone la damu linapanda kwenye ile stripu, kile kijikaratasi cha kupimia, kwa sekunde moja, mashine inahesabu, na wewe unaikodolea macho kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nilipoiona ile 7.9 nililia kidogo. Si kwa ajili yangu. Niliwaza mama baada ya chakula cha usiku, amekaa kwenye kiti chake, sisi watoto tukimzuia asiinuke: "Pumzika mama, tutatoa vyombo." Tulidhani ni heshima.

Ukumbi wa nyumba yetu una hatua 14 kutoka mlango hadi dirisha. Mvua ikinyesha natembea humo. Mume wangu alianza kwa kunitazama tu, sasa tunatembea wote, na mazungumzo tunayopata humo ukumbini hatujayapata kwa miaka mingi. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Na kile kiti kifupi nimekifanya mwalimu. Kila asubuhi nainuka na kukaa mara kumi bila kutumia mikono, napumzika, narudia. Mwanzo nilifika mara tatu. Nasukuma ukuta kwa viganja, nainua madumu ya maji. Mayai na maharage yamerudi, na uzito umetulia kwenye kilo 72. Daktari alifurahia 72 kuliko 69, na hesabu yake naielewa sasa. Katika ule utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoa matokeo yake mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa kwenye hali ya kati waligawanywa makundi. Kundi la kubadili maisha lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, kama kutembea haraka. Basi. Waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, asilimia 31. Na wenye miaka 60 na zaidi waliobadili maisha? Asilimia 71. Sisi wazee ndio tulionufaika zaidi. Niliposoma hapo nilisimama nikarudia kusoma. Asilimia 7 ya kilo 78 ni kama kilo tano na nusu. Sikuhitaji kufika 69 na kuinuliwa kwapani.

Kuhusu chakula sina mengi. Siwezi kusema kuna chakula kinachotibu, na anayekuuzia unga wa kumaliza kisukari anakuibia. Nimebadili mpangilio zaidi kuliko vitu: mboga na maharage au samaki natangulia navyo, wali unakuja mwisho na ni kidogo kuliko zamani. Sukari hupanda polepole zaidi hivyo, na mashine yangu imenithibitishia. Juisi nimeiacha, tunda lenyewe nalila na nyuzinyuzi zake. Soda sinywi kabisa. Chupa ya mililita 330 hubeba karibu gramu 35 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi tusizidi kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima.

Usingizi nilikuwa naudharau. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wa kiume wenye afya kwa saa nne tu kwa usiku sita, na miili yao ikawa inaitoa sukari kwenye damu polepole mno kuliko walipolala vya kutosha. Vijana! Sasa saa nne usiku nazima simu.

Jambo moja lilinitisha mwanzoni, na pengine linamtisha mwingine. Nalala nikiwa na 5.9, naamka na 6.4, na sijala kitu. Nilidhani mashine ni mbovu. Kumbe alfajiri mwili hujiandaa kuamka, na ini humwaga sukari kwenye damu. Kwa wenye insulini dhaifu inaonekana zaidi. Sasa siitolei machozi tena namba moja ya asubuhi. Natazama wiki.

Nimerudi kwenye daftari. Ukurasa wa karibu na mwisho kuna namba inayotofautiana na zote: 2.9. Nakumbuka alfajiri ile. Mama alikuwa ameshaanza vidonge vya kulisukuma kongosho, jioni hakula kwa sababu aliona namba ya mchana ni kubwa akataka kuishusha kwa njaa. Tulimkuta amelowa jasho, anataja majina ya watu waliokufa zamani. Tukampa maji ya sukari kijiko kwa kijiko maana bado aliweza kumeza, na baada ya robo saa akaniita kwa jina langu. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya namna hiyo, chini ya 4 ni hatari, na kwa mzee ni hatari maradufu: anaanguka, anavunjika nyonga, moyo unataabika. Baada ya siku hiyo daktari wake alimlegezea lengo makusudi. Alitwambia kwa umri ule, na kwa figo zile, 9 ya utulivu ni bora kuliko kuikimbilia 6. Wakati ule nilidhani amemkatia tamaa. Nilimkasirikia bure.

Wiki iliyopita kipimo changu cha miezi mitatu kimetoka 5.8. Bado niko ndani ya hali ya kati, kwenye ukingo wake wa chini. Nitapima tena baada ya miezi sita.

Na sababu ya kulitoa daftari leo ni mdogo wangu. Ana miaka 58. Kwa wiki kadhaa nilimbembeleza akapime, juzi akapima. Amenipigia simu mchana huu, sauti imekauka: "Dada, wamenipa 7.3."

Nikamuuliza alikula nini kabla. Akasema alikunywa chai ya maziwa njiani, haikuwa nyingi. Nikamwambia basi hiyo haihesabiki kama ya kabla ya kula, na hata ingehesabika, mtu asiye na dalili hahukumiwi kwa kipimo kimoja. Lazima kirudiwe siku nyingine. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama lile daftari la mama bado ninalo.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi ananipitia. Nimemwambia tangu saa mbili usiku wa leo asiguse kitu isipokuwa maji, na tutakwenda kwa miguu polepole. Daftari nimeliweka mezani karibu na mlango. Lina kurasa kumi na tisa tupu.