Mpira wa dirisha utoke kwanza

Mwezi wa nane mwaka huu, pale Kibirizi, Kigoma, baiskeli iliyopakia madumu manne ya mawese ilinikwangua mlango wa dereva. Kijana alikuwa anaisukuma kupanda kutoka ufukweni, dumu la juu likayumba, usukani ukamponyoka. Mkono wa breki ukachora mstari kuanzia kwenye saiti mira, kile kioo cha pembeni cha kutazama nyuma, hadi karibu na kitasa, kama upana wa kidole kimoja chini ya kioo. Akaniamkia mara mbili kwa hofu: "Shikamoo baba, shikamoo, nisamehe." Nilimsamehe palepale. Mawese ni mtaji wake, na hayakumwagika.

Kilichonikosesha usingizi usiku ule ni mlango wa upande wa pili. Ule wa abiria ulikwanguliwa hivyohivyo miaka miwili iliyopita, nikaupeleka gereji moja hapa mjini, wakaurudisha unang'aa. Sikuona kosa. Mvua za kwanza zilipoanza, nikaona rangi inainuka kando ya ule mpira mweusi unaokaa nje, chini ya kioo. Ikaanza kama ukucha, ikawa ganda. Ukiligusa linabanduka, na chini yake kuna mstari wa kutu.

Kwa hiyo safari hii sikwenda gereji. Nilikwenda Ujiji kwa mjomba.

Mjomba wangu alianza kwa kupaka rangi boti za mbao, akahamia kwenye magari, na sasa amestaafu, ila mikono bado anayo. Aliutazama mlango ule wa zamani kabla hata hajautazama mpya. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mpira, akaniambia, "Mwanangu, hawa hawakuutoa. Wameuziba kwa tepu na gazeti, wakapuliza." Akanionyesha: rangi ilikuwa imepanda juu ya mpira kidogo, kama uzi. Jua likipiga, mpira unatanuka. Kioo kikishuka na kupanda, mpira unavutwa. Rangi iliyoshika huku bati na huku mpira haiwezi kufuata, inapasuka palepale kwenye kiungo. Maji yanapata mlango. Tena chini ya mpira msasa haukufika, praima, ile rangi ya chini ya kushikia, haikufika, kwa hiyo ukingo wa rangi mpya ulikuwa umekalia vumbi na nta ya miaka.

Nimeandika haya kwa sababu nimewauliza jamaa zangu sita wenye magari, na wote waliambiwa kwamba kutoa mpira ni kupoteza muda. Sisi tulitumia kama nusu saa.

Gari tuliliacha juani mpaka saa nne. Mjomba haanzi asubuhi na baridi, anasema mpira wa zamani ukiwa baridi ni mkavu, na klipu za plastiki zinazoushika ni kama biskuti. Tukashusha kioo chote. Tukabandika tepu ya karatasi, tabaka mbili, kwenye bati chini ya mpira, ili chombo kisichore rangi nzima iliyobaki. Halafu saiti mira, maana kwenye mlango wa mbele wa Corolla yangu ncha ya mpira inaingia chini yake. Kwa ndani kuna kile kifuniko cha pembetatu, ukikivuta kinatoka. Nyuma yake kuna nati tatu za spana namba kumi na waya wa umeme wa mira. Waya uchomoe kwanza, na mkono mmoja uishike mira kwa nje wakati nati ya mwisho inatoka, la sivyo itaning'inia na kupiga mlango.

Tulipofika kwenye mpira wenyewe, nilishika bisibisi. Mjomba akaninyang'anya.

Alichonipa ni kipande cha mwiko. Mwiko wa ugali uliovunjika, ameuchonga ncha ikawa bapa, nyembamba kama ulimi, ameusugua kwa msasa mpaka hauna hata uchane mmoja. Anao tangu zamani, umekuwa mweusi kwa mafuta ya mikono. Bisibisi ya chuma hupiga bati denti mahali ambapo puti haikai vizuri, kwenye mkunjo wa mlango. Mti hauna ubaya huo.

Akafungua mlango akanionyesha mwisho wa mpira, upande wa kitasa. Magari mengine yana skrubu hapo, inaonekana ukifungua mlango tu, na watu wengi huvuta bila kuangalia wakaupasua. Langu halikuwa nayo. Akaingiza ulimi wa mwiko chini ya ncha, akausukuma kwenda juu. Juu, siyo nje. Hilo alilirudia mara tatu. Ndani ya mpira ule kuna bati jembamba, na ukiuvuta kuja kwako linapinda. Likishapinda halinyooki tena, utaona kiwimbi kila siku unapofunga mlango. Klipu ya kwanza ikalia tak. Akasogea upana wa kiganja, akasukuma tena, tak. Ya tatu ilivunjika, na ya tano. Hakushtuka, aliniambia klipu za umri ule huvunjika, nikatafute nyingine madukani Mwanga kabla rangi haijakauka. Mpira ulipotoka wote aliulaza juu ya ubao mrefu wa boti, akaufunga kwa kamba sehemu tatu ili usilale umepinda, akaandika kwa chaki KULIA.

Kisha tukainama kutazama ulipokuwa.

Kulikuwa na vumbi jekundu limeshindiliwa kama udongo wa kufinyanga. Ni vumbi la safari zangu zote za Kasulu kabla lami haijafika. Nililitambua kwa rangi yake. Mjomba alilikwangua kwa mwiko likatoka vipande, na chini yake, mahali ambapo baiskeli haikugusa kabisa, kulikuwa na kutu urefu wa vidole vitatu. Bado ilikuwa ya juujuu, bati halijatoboka. Kama tungeziba kwa gazeti, kutu ile ingefunikwa kwa rangi mpya nami ningeilipia.

Kazi ya rangi yenyewe sitaieleza sana, mafundi wanaijua. Msasa namba 80 mpaka bati liwe jeupe, praima ya epoksi, puti nyembamba kwenye mchirizi. Puti isuguliwe kavu, kwa 180 kisha 320, kwa sababu inanyonya maji na maji yakibaki ndani yatarudi kama malengelenge. Maji ni ya baadaye, juu ya praima, kwa msasa 600 au 800. Uzuri wa mlango usio na mpira ni kwamba mkono unapita moja kwa moja mpaka kwenye mkunjo na kuuvuka. Rangi haina pa kuanzia wala pa kuishia panapoonekana.

Ila mambo mawili lazima niyaseme. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi inayouzwa barabarani, msiipake mpira kabla ya kazi ya rangi. Nyingi zina silikoni, na silikoni ikigusa bati, hata kwa kitambaa tu, rangi inakimbia na kuacha vitundu vya mviringo. Mpira tuliuosha kwa maji na sabuni. Petroli hapana, inauvimbisha. La pili ni pumzi. Hadna ya kliya, yaani dawa ya kugandisha ile rangi angavu ya juu kabisa, ina isosayaneti, kemikali zinazoweza kumletea mtu pumu isiyoisha. Mjomba alipuliza miaka mingi akiwa amejifunga kitambaa puani, na kitambaa hakizuii mvuke. Nilimnunulia barakoa yenye vichujio. Alikataa siku nzima. Nikamwambia sitamwachia gari bila kuivaa, ndipo akaivaa.

Kioo cha mbele hatukukigusa. Kile kimegundishwa, na mpira wake ukishatolewa mara nyingi haurudi kama ulivyokuwa, hiyo ni kazi ya mtu wa vioo.

Tulingoja siku mbili kabla ya kurudisha. Mimi nilitaka siku hiyohiyo jioni, kwa sababu rangi haikushika kidole tena. Mjomba akasema juu imekauka lakini chini bado laini, na klipu ikibanwa hapo itaacha alama ya kudumu. Siku ya tatu tukaupanga mpira juu ya ukingo, tukaubana kwa kiganja kuanzia upande wa mira, tak, tak, mpaka mwisho.

Nikapandisha kioo na kumwaga ndoo ya maji juu yake. Nilitegemea yabaki nje yote. Mjomba akaniambia mengine lazima yaingie mlangoni, ndiyo maana chini ya mlango kuna matundu. Tukainama tena. Tundu moja lilitoa maji, la pili lilikuwa limezibwa na udongo uleule mwekundu. Akachukua spoku ya baiskeli akalizibua, yakachuruzika machafu kwanza, kisha meupe.

Jumamosi tunautoa wa kushoto. Klipu tano nimeshanunua, ziko kwenye kopo la maziwa juu ya dashibodi.