Kipande cha Pili

Mwanzoni mwa 2016 sisi tuliokuwa tukiweka misimbo ya magonjwa, yaani namba na herufi zinazotaja ugonjwa au jeraha, katika hospitali za Marekani tulikuwa bado tunajikongoja. ICD-10-CM, mpangilio mpya wa misimbo hiyo, ilikuwa imeanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015, miezi michache tu nyuma. Kabla yake, kiwiko kilichochanika tulikiandika 881.01, na kikiwa na matata tuliandika 881.11. Humo kwenye matata mliingia kila kitu: maambukizi ya kidonda, kuchelewa kupona, na kitu kilichonasia ndani. Wala msimbo haukusema kama kiwiko ni cha kulia au cha kushoto. Niliwahi kumsikia mwenzangu akinung'unika kwamba mpangilio mpya unatuuliza maswali mengi mno. Mimi niliupenda kwa sababu hiyohiyo.

Faili ninalolikumbuka lilinifikia jioni, zikiwa zimebaki dakika chache nifunge kazi. Mgonjwa alikuwa ameteleza, akaanguka na kupiga kiwiko cha kushoto kwenye mlango wa kioo. Daktari wa dharura alikuwa ameandika vizuri kuliko wengi: jeraha la kuchanika nyuma ya kiwiko cha kushoto, ganzi imechomwa, kipande kimoja cha kioo kimetolewa, jeraha limeoshwa kwa maji ya chumvi na kushonwa, chanjo ya pepopunda imetolewa. Kwa maelezo kama hayo msimbo hautafutwi, unajileta: S51.022A. S51 ni majeraha ya wazi ya kiwiko na kigasha, sifuri inayofuata ni kiwiko chenyewe, 2 ya kwanza ni mchaniko wenye kitu ndani, 2 ya pili ni upande wa kushoto, na A ni matibabu yenyewe. Chanzo nikakiandika W01.110A, kuteleza, kuanguka na kugonga kioo chenye makali.

Nilibakiza kulifunga. Ila nilikuwa na mazoea ya kusoma ripoti ya eksirei hadi mwisho, na mstari wa mwisho ulitaja vitu viwili: kimoja karibu na ngozi, kingine kimezama, jirani na mfupa. Nikarudi kwenye maelezo ya daktari: kipande kimoja. Nikasoma maandishi ya muuguzi: kipande kimoja kimewekwa kwenye kikombe, mgonjwa ameonyeshwa.

Nilimwendea msimamizi wangu. Akasoma, akaniambia, "Msimbo haubadiliki." Ni kweli haukubadilika. Kiwe kipande kimoja, viwe vinane, S51.022A ni ileile, na bima italipa ileile. Nasi tulipimwa kwa idadi ya mafaili tunayomaliza kwa siku, kwa hiyo kila swali lililopelekwa kwa daktari lilikuwa faili linalolala mezani.

Nikamjibu kwamba faili linajikana lenyewe.

Alinyamaza kidogo. "Basi uliza. Lakini uliza sawasawa."

Swali langu la kwanza lilikuwa baya: "Daktari, je, kipande cha pili kilisahaulika ndani?" Msimamizi alilifuta mbele yangu. Swali la namna hiyo linamtuhumu daktari na wakati huohuo linamwekea jibu mdomoni, na mwongozo wa kazi yetu unakataza kumwekea daktari jibu. Mwenye kuweka misimbo anaweka mezani yaliyomo kwenye faili, basi. Na kusema kweli sikujua kilichotokea. Huenda daktari alikiona kipande hicho akaamua kukiacha, maana kioo kilichozama kisicho na madhara wakati mwingine huachwa, mradi iandikwe na mgonjwa aelezwe. Huenda pia alitoa viwili akaandika kimoja. Niliandika mara tatu hadi likabaki hivi: "Ripoti ya eksirei inataja vitu viwili katika kiwiko cha kushoto. Maelezo ya matibabu yanataja kipande kimoja kilichotolewa. Tafadhali fafanua hali ya kitu cha pili."

Siku mbili zikapita bila jibu. Katika kazi hii huwaoni wagonjwa, unaona maneno tu, lakini kile kiwiko nilikiona. Ngozi ya hapo ni nyembamba, imelala juu ya mfupa, na mtu hukiegemeza kila anapokaa mezani. Nilimfikiria akijiuliza kwa nini kidonda kilichoshonwa bado kinachoma, akijiambia ni nyuzi tu. Nilishukuru kwamba kilikuwa kioo. Kioo huonekana kwenye eksirei hata kisipokuwa na madini ya risasi ndani yake, ila kibanzi cha mti aghalabu hakionekani, na hapo tusingekuwa hata na huo mstari wa mwisho.

Siku ya tatu nilikuta nyongeza kwenye faili, yenye tarehe na saa. Daktari alikuwa ameziangalia picha upya. Kipande cha pili kilikuwa bado ndani. Mgonjwa alikuwa amepigiwa simu na ameombwa arudi.

Alirudi. Kipande kilitolewa chini ya utando unaofunika misuli, na daktari aliuandika huo undani waziwazi, nami kwenye msimbo wa tiba iliyofanywa nikaweza kuweka 24201, ya kutoa kitu kilichozama, badala ya 24200, ambayo ni ya kitu kilicho chini ya ngozi tu. Mwenzangu wa meza ya pili alitaka tubadilishe herufi ya mwisho ya msimbo wa jeraha iwe D, ya mtu anayefuatiliwa baada ya tiba, kwa kuwa mgonjwa alishawahi kuja. Wengi hukosea hapo. A haihesabu safari, inasema kwamba mtu bado anatibiwa, na kutoa kioo ndiyo tiba yenyewe. Nikamwonyesha mwongozo, tukaiacha A.

Baada ya wiki mbili hivi faili lilinirudia, likiwa fupi. Nyuzi zimetolewa. Hakuna wekundu wala usaha. Kiwiko kinakunja na kunyoosha bila maumivu. Eksirei: hakuna kitu.

Nikaandika S51.022D.