Waifai iliyokuwa ikiishia mlangoni

Miezi minne nimefanya mikutano ya kazini nikiwa nimekalia ndoo kwenye korido. Si utani. Nyumba yetu hapa Donholm, Nairobi, ni ya kuta za mawe, na fundi wa intaneti aliiweka ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, sebuleni, chini kabisa, nyuma ya televisheni, kwa sababu waya wake uliishia hapo. Ukiingia chumba cha nyuma, waifai imekata roho.

Nikapigia huduma kwa wateja. Wakasema nilipie kasi kubwa zaidi. Nikalipia. Sebuleni mambo yakapaa, chumbani vilevile. Pesa ndiyo hiyo imeenda.

Jumamosi mdogo wangu akaja, akachungulia nyuma ya TV, akacheka. "Dada, umeificha nyuma ya chuma, itapitaje?" Kisanduku cha faiba, pale waya wa intaneti unapoingilia nyumbani, tukakiacha palepale, ila ruta akaipandisha juu ya kabati la korido, katikati ya nyumba, kwa waya wa mita 10 tulionunua Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme mjini. Ruta hurusha mawimbi ya aina mbili, basi akayatenganisha, kila aina ikawa na jina lake la waifai: ya gigahezi 5 ina kasi ila ukuta unaishinda nguvu, ya 2.4 ni ya polepole lakini inapenya. TV ikabaki kwenye 5, laptopu yangu ya chumbani ikaingia 2.4.

Chumbani nilikuwa napata kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, jana nimepima 14! Jikoni bado inasuasua kwa sababu friji imeziba njia, na friji sihamishi mimi.

Ndoo imerudi bafuni.